Baada ya Taarifa ya Saa Moja

Mnamo Juni 2008 mzee mmoja aliyevaa sare ya shule alijiandikisha darasa la sita katika Shule ya Msingi ya Marura, Kariobangi. Kimani Maruge alikuwa amekwisha kujulikana duniani kote. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ndizo zilizomng'oa huko na kumleta kwenye makao ya wazee jijini Nairobi. Alifariki Agosti 2009 kabla ya kufika darasa la nane. Habari zake husimuliwa kama ushujaa wa mtu mmoja, na kweli ulikuwa ushujaa. Lakini zinatuonyesha pia jinsi tulivyopanga mambo yetu: mtu mzima aliyetaka kusoma hakuona mahali pengine pa kusomea isipokuwa kwenye dawati la mtoto. Mzee Maruge aliweza kukaa kwenye dawati hilo kutwa kwa sababu umri ulikuwa umemtoa kazini. Fundi wa kuchomelea wa Kariobangi Light Industries hawezi. Mama wa mitumba wa Gikomba hawezi. Kibarua anayeondoka Kayole saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni kwenye lango la kiwanda Industrial Area, naye hawezi. Elimu ikitaka kuwapata hawa, itabidi iwafuate nyumbani baada ya kazi, na chombo kilichokwisha kuingia humo na kuzoeleka ni runinga.

Hoja yangu ni kwamba runinga inaweza kuwa shule ya watu wazima wa Eastlands, na kwa kiasi fulani imekuwa tayari, ila tumeiacha nusu. Tumeshughulikia kipindi chenyewe. Hatujashughulikia kinachopaswa kumngoja mtazamaji kipindi kikiisha: mtu wa kumuuliza swali, mahali pa kukutana na wanaosoma jambo lile lile, na mtihani unaotambulika na mwajiri. Vitu hivi vitatu vilipokuwapo, hapa Afrika Mashariki na kwingineko, vyombo vya utangazaji viliwasomesha watu wazima kwa malaki. Vilipokosekana, kilichobaki ni burudani yenye maneno mazuri.

Tuanze na watu wenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, na kaunti ndogo tano za upande wa mashariki, yaani Embakasi, Njiru, Makadara, Kamukunji na Mathare, zilikuwa na zaidi ya milioni 2.2 kati yao. Ni nusu ya jiji na ziada. Mitaa yao haifanani: Pumwani na Majengo za enzi ya ukoloni, Kaloleni na Bahati zilizojengewa wafanyakazi na baraza la mji, Buruburu na Umoja zilizokusudiwa watu wa mshahara, Dandora iliyoanza kama mradi wa viwanja kwa fedha za Benki ya Dunia, kisha Huruma, Kayole na Pipeline za maghorofa yaliyobanana ambako familia nzima huishi katika chumba kimoja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 kuhusu kisomo ulikuta kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima wa Kenya, takriban milioni 7.8, hawakufikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Nairobi, hata hivyo, iliongoza mikoa yote kwa kisomo. Kwa hiyo anayefikiria elimu ya watu wazima Eastlands na kuona ubao na irabu tano, kama zile kampeni zilizoanza 1979 wakati zaidi ya watu 400,000 walipojiandikisha nchini, anatibu ugonjwa ambao wengi wa hapa hawana. Mkazi wa kawaida wa Kayole alisoma. Aliishia darasa la nane, au kidato cha pili karo ilipokosekana. Ujumbe wa M-Pesa anausoma bila shida. Kinachomkwamisha ni cheti cha kazi ambayo ameifanya miaka kumi bila karatasi yoyote, ni hesabu za biashara ndogo, ni mkataba wa nyumba aliotia sahihi bila kuuelewa, ni mkopo wa simu ambao gharama yake aliijua alipoanza kulipa.

Tena kuna haya. Darasa la ngumbaru lina sifa yake mtaani, na mwanamume wa miaka 40 hapendi kuonekana akiliingia huku ameshika daftari. Faida ya kwanza ya runinga, ambayo wataalamu wa elimu huisahau, ni kwamba hakuna anayekuona ukijifunza. Mtu aliyekaa kwenye kochi lake huko Umoja akimtazama fundi mwenzake akieleza jinsi ya kupima mzigo wa stima katika nyumba hajajitangaza kuwa hajui. Anatazama TV tu, kama jirani yake.

Wala hatubahatishi tunaposema watu hujifunza hivyo. Mwaka 1987 Sauti ya Kenya, shirika ambalo miaka miwili baadaye liligeuka KBC, ilianza kurusha Tushauriane, tamthilia iliyobeba mazungumzo ya uzazi wa mpango hadi sebuleni wakati ambapo kuyataja mbele ya wakwe kulikuwa utovu wa adabu. Miaka ya 2000 ikaja Makutano Junction ya kampuni ya Mediae, iliyobuni mji mdogo wenye baa, zahanati, shule na wanasiasa wake, na kupenyeza humo masuala ya malaria, fedha, haki za mpiga kura na ukulima. Mtazamaji aliyetaka kujua zaidi alituma SMS na kuletewa kijitabu. Kampuni hiyo hiyo ilianzisha Shamba Shape Up mwaka 2012 kupitia Citizen TV. Watayarishaji walienda kwa mkulima halisi wakiwa na wataalamu, wakakaa naye siku kadhaa, wakatengeneza banda la ng'ombe, wakapima udongo, wakachanganya chakula cha kuku mbele ya kamera, na mkulima mwenyewe ndiye aliyeuliza maswali, yakiwemo ya kubisha. Tathmini ya Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza iliyotolewa 2014 ilikadiria kwamba zaidi ya kaya 400,000 zilikuwa zimebadilisha jambo fulani katika kilimo cha mahindi au ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, au kunufaika, kutokana na kipindi hicho. Na wasomaji wa mjini wasidhani hayo hayawahusu. Wengi wanaolala Donholm au Jericho wana ng'ombe na mahindi nyumbani Kisii, Murang'a au Siaya, na simu ya Jumapili jioni kwa aliyeachiwa shamba mara nyingi huwa na ushauri uliotoka kwenye runinga.

Kwa nini basi hakujatokea, kwa ukubwa ule, kipindi cha namna hiyo kwa ajili ya fundi wa mjini? Nadhani ni kwa sababu mkulima ana wizara, ana mashirika ya utafiti, ana wafadhili na makampuni ya mbegu wanaotaka kuzungumza naye, ilhali fundi wa jua kali hana anayemfadhilia nafasi hewani. Kama kuna wanafunzi waliozoea kujifunza kwa kutazama, ni hawa. Jiko la makaa lenye utumbo wa udongo, ambalo leo tunaliona jikoni kila mahali, liliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kurekebisha jiko la Thailand, na likaenea kupitia mikono ya mafundi wa bati wa Shauri Moyo na Kamukunji. Walijifunza kukata bati, kubana kiuno cha jiko na kushikiza udongo kwa saruji hasa kwa kumwangalia aliyetangulia kujua, kisha kujaribu. Kamera ikisogezwa karibu na mkono wa fundi hodari hufanya jambo lile lile, ila kwa watazamaji laki moja kwa mpigo, na huweza kurudia pale mkono ulipopita haraka mno.

Kuna ushahidi mzito zaidi kutoka nje ya mipaka yetu, na mmoja wao una asili yake Nairobi. Shuga, tamthilia ya MTV kuhusu vijana na virusi vya ukimwi, ilirekodiwa jijini hapa kwa mara ya kwanza mwaka 2009, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa waigizaji. Tamthilia hiyo ilipohamia Nigeria, wachumi waliifanyia jaribio la kisayansi kusini magharibi mwa nchi hiyo: baadhi ya vijana walionyeshwa Shuga katika kumbi za mitaani, wengine wakaonyeshwa tamthilia nyingine isiyo na somo. Miezi kadhaa baadaye, walioiona Shuga walikuwa karibu mara mbili zaidi kwenda kupimwa virusi. Afrika Kusini, watafiti wa Benki ya Dunia walifuatilia tamthilia maarufu ya Scandal! iliyoingiza kisa cha familia iliyozama kwenye madeni. Waliotazama walielewa zaidi mambo ya fedha, walielekea zaidi kukopa kwenye taasisi rasmi, na walipunguza kucheza kamari. Kuna jambo moja katika utafiti huo ambalo kila mtayarishaji wa Nairobi angelibandika ukutani: ujumbe uliotoka kinywani mwa mhusika waliyempenda watazamaji ulikumbukwa kuliko ule uliotolewa na mtaalamu aliyeletwa kutoa ushauri. Katika mitaa ambako kamari ya mpira na mikopo ya simu imekula akiba za vijana wengi, matokeo hayo si ya kuachiwa maktaba.

Hapo ndipo mtu makini ataleta pingamizi la kwanza, na ni zuri: kubadilisha tabia ni jambo moja, kuelimisha ni jingine. Tamthilia inaweza kumsukuma mtu aende kliniki. Haiwezi kumfundisha hesabu za asilimia, wala kumtoa daraja moja la ufundi hadi jingine, kwa maana masomo ya namna hiyo yanataka mazoezi, makosa na mtu wa kusahihisha. Nakubali. Runinga husema na haisikii. Lakini wenzetu walilijua hilo zamani, wakaliwekea dawa. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo kilikuwa redio, kwani Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Kila wiki, kwa wiki 12, watu walikusanyika katika vikundi vidogo vyenye kiongozi aliyefunzwa, wakasikiliza kipindi pamoja, wakafungua kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua watafanya nini kijijini kwao. Karibu watu milioni 2 walishiriki, na vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu. Redio ya siku zile ilikuwa na upungufu ule ule wa kutosikia, na hata picha haikuwa nayo. Kilichoifanya ifundishe ni kikundi kilichokaa kuizunguka.

Mexico iliutazama upande wa pili wa jambo hili kwa taabu. Mwaka 1975 mtayarishaji Miguel Sabido alitoa Ven Conmigo, tamthilia kuhusu watu wazima wanaosoma darasa moja, ikiwa na lengo la kuwashawishi watazamaji wajiunge na mpango wa serikali wa kujisomea. Mwigizaji alipotangaza hewani mahali vitabu vya bure vinapopatikana, kesho yake karibu watu robo milioni walimiminika katikati ya Jiji la Mexico, barabara zikasongamana, na vitabu vikaisha. Katika mwaka ule waliojiandikisha walizidi 800,000, mara kadhaa ya mwaka uliotangulia. Tamthilia ilifanya kazi yake kupita kiasi. Ghala la vitabu ndilo halikujiandaa. Mwaka huo huo BBC ya Uingereza ilianza On the Move, dakika kumi za Jumapili ambamo Bob Hoskins aliigiza mfanyakazi asiyejua kusoma. Mwisho wa kila kipindi ilionyeshwa namba ya simu, na aliyepiga aliunganishwa na mwalimu wa kujitolea wa karibu na kwake. Walimu hao walikuwa wameandaliwa kwa maelfu kabla ya kipindi kurushwa. Mpangilio huo, kwamba mwalimu atangulie na kipindi kifuate, ndio ambao sisi huupindua kila mara.

Atakayetaka mfano wa kushindwa ataupata Ivory Coast. Kuanzia 1971 nchi hiyo iliweka televisheni katika maelfu ya shule za msingi, ikaongeza kipindi cha jioni kwa watu wazima wa vijijini, na kufika 1982 mpango wote ulikuwa umefungwa. Gharama zilielemea bajeti, walimu walijiona wamefanywa wasaidizi wa sanduku, na wazazi hawakuamini kwamba watoto wanajifunza. Mpango ule ulitaka runinga ichukue nafasi ya mwalimu. Sioni mtu mwenye nia njema anayeupendekeza kwa Nairobi. Ninachopendekeza mimi ni kidogo na rahisi zaidi: runinga ifanye lile inalolifanya vizuri, yaani kuonyesha kazi kwa karibu na kuwavuta watu wengi kwa wakati mmoja, na kazi ya kusahihisha ibaki kwa binadamu.

Pingamizi la pili limezidi kupata nguvu: runinga ni chombo cha jana, vijana wako YouTube. Ni kweli kwamba mafundi wengi wa Eastlands hujifunza humo, na wengine wamefika mbali. Lakini bando hulipiwa kila siku, wakati matangazo ya bure hayana malipo ukishanunua king'amuzi, kifaa ambacho kila nyumba ililazimika kuwa nacho mitambo ya analojia ilipozimwa Februari 2015. Jingine ni kwamba kutafuta video kunahitaji ujue unachotafuta, na asiyejua kuwa kuna kanuni ya kufunga waya ya ardhini hataandika maneno hayo kwenye simu. La tatu ndilo linaloniogopesha. Fundi wa stima anayejifunza kwa video ya Marekani anafundishwa mfumo wa volti 120, ambamo waya mweusi ndio wenye moto. Kenya tunatumia volti 240, na katika nyumba zetu kuukuu, zilizofungwa kwa kanuni za zamani za Kiingereza, mweusi ndio nyutro na mwekundu ndio wenye moto. Mafunzo yaliyo sahihi kabisa Chicago yanaweza kuua mtu Jericho. Video ya mtandaoni haina wa kuwajibika kwa hilo. Kituo cha runinga chenye leseni ya Kenya, kikishirikiana na taasisi ya mafunzo ya Kenya, kina wa kuwajibika. Baada ya hapo somo likishapita hewani liwekwe mtandaoni pia, alitafute kila anayetaka kulirudia. Simu na runinga hazina sababu ya kugombana.

Wengine watasema chaneli ya elimu ipo tayari. EDU TV ya Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, KICD, ipo, na shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona ilikuwa mojawapo ya njia chache zilizobaki. Lakini ratiba yake hasa ni ya wanafunzi, na hata ingekuwa ya watu wazima, chaneli peke yake haitoshi. Jioni za Eastlands zina mpangilio unaojulikana. Saa moja ni taarifa ya habari kwa Kiswahili. Ikiisha, saa moja na nusu hivi, huja tamthilia za nyumbani. Ndiko walikozoeleka Papa Shirandula, Inspekta Mwala na watoto wa Machachari. Saa tatu ni taarifa ya Kiingereza. Katika chumba kimoja cha Huruma muda huo mama anapika kwenye kona, watoto wana madaftari kitandani, baba amevua viatu, na skrini moja inatazamwa na wote. Ukiliweka somo saa nane mchana siku ya kazi, umemwekea asiyekuwapo. Kila mtayarishaji anayelijua hilo atakuambia pia kwamba nusu saa ile ndiyo inayouzwa ghali zaidi kwa watangazaji wa biashara, na wenye vituo hawatamwachia mwalimu.

Sidhani wanahitaji kuiacha. Ushahidi wa Scandal! na Makutano Junction unaonyesha kwamba somo linaweza kuishi ndani ya tamthilia inayouza matangazo, ikiwa mwandishi wa mswada na mtaalamu wa somo watakaa meza moja tangu mwanzo. Fundi anayejitayarisha kwa mtihani wa daraja anaweza kuwa mhusika mpendwa kama alivyokuwa bawabu au polisi. Masomo yenyewe, yale ya hatua kwa hatua, yarushwe na KBC, ambayo ni shirika la umma na haina kisingizio, baada ya saa tatu usiku na tena Jumapili alasiri. Kanuni za utangazaji zinavitaka vituo kuwa na asilimia 40 ya vipindi vya hapa nchini. Hakuna kinachomzuia mdhibiti kuhesabu saa ya elimu ya watu wazima kwa uzito zaidi katika kiwango hicho, ili kituo kinachojitolea kipate nafuu kwingine.

Lugha nayo isiamuliwe ofisini. DJ Afro alipata umaarufu wake kwa kusimulia filamu za mapigano za nje kwa Kiswahili cha mtaani, na vibanda vya video kutoka Mathare hadi Mukuru vimejaa watu wanaolipa ili wamsikie. Watu hao wangeweza kuitazama filamu ile ile kwa lugha yake bila yeye. Wanachonunua ni msimulizi anayesimama upande wao. Mtayarishaji wa masomo ya ufundi anayesisitiza Kiswahili cha gazeti la serikali, au Kiingereza cha kitabu cha chuo, anawafukuza wanafunzi wake kabla hajaanza. Fundi aseme anavyosema gereji, majina rasmi ya vifaa yaandikwe chini ya skrini, maana atakutana nayo kwenye mtihani.

Kuhusu mahali pa kukutania, Eastlands imejaliwa kuliko sehemu nyingi za jiji, ingawa majengo mengi yamechakaa. Kaloleni ina ukumbi wake wa kijamii wa miaka ya 1940, uliobeba mikutano mingi ya kisiasa kabla ya uhuru. Bahati, Jericho, Makadara, Shauri Moyo na Dandora zina kumbi pia, mali ya kaunti. Maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan, zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk na zinatumika. Vijana tayari hukusanyika kwenye vibanda kutazama ligi ya Uingereza, wakilipia kiingilio kidogo, wakibishana kila baada ya bao. Kikundi cha watu 15 kinachokutana ukumbini Jumapili alasiri kutazama somo la wiki na kulifanyia mazoezi chini ya fundi mwenye daraja la kwanza hakitaki jengo jipya. Kinataka ufunguo wa ukumbi, skrini, na posho ya fundi huyo.

Halafu mtihani. Mwaka 1967 Chuo Kikuu kilipoanzisha kitengo cha masomo kwa posta kule Kikuyu, masomo yakiungwa mkono na vipindi vya redio ya Sauti ya Kenya, walimu wa shule za msingi waliyafuata kwa bidii, na sababu haikuwa fumbo: aliyefaulu alipanda daraja na mshahara. Mtu mzima ana saa chache, na huzitoa pale anapoona zitamrudishia kitu. Kwa fundi wa leo mlango huo upo na haupo mbali. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ina makao yake Industrial Area, mwendo wa miguu kutoka Mukuru, na hutoa mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza ambayo mtu aliyejifunzia kazini anaweza kuikalia bila kupitia chuo. Kinachowazuia wengi ni kwamba wanaijua kazi bila kujua jinsi inavyotahiniwa. Mfululizo wa wiki 12 uliopangwa kulingana na silabasi ya daraja la tatu la ufungaji wa stima, ukiishia wiki chache kabla ya msimu wa mtihani, ungewafaa moja kwa moja. Ningeanza na stima kwa sababu makosa yake huua na kuchoma nyumba, kisha bomba, kisha ushonaji, ambao ndio ungewaleta akina mama wengi.

Inabaki fedha, na hapa ndipo mipango mingi ya aina hii hufia. Vipindi vyetu bora vya elimu vimeegemea wafadhili wa nje, na mfadhili akibadilisha kipaumbele mfululizo hukatika katikati. Lakini Kenya ina mfuko wa ndani ambao haujatajwa vya kutosha katika mjadala huu. Kila mwajiri hutakiwa kulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo husimamiwa na NITA hiyo hiyo. Waajiri watalalamika kwamba ni pesa zao, za kuwafunza wafanyakazi wao, na kwamba fundi wa jua kali hachangii. Swali ninalowarudishia ni wanamtoa wapi fundi wao. Kiwanda cha Industrial Area kinachomchukua kijana anayejua kuchomelea bila kumfundisha siku moja kimempata amekwisha kufunzwa na fundi wa Kariobangi, kando ya barabara, kwa gharama ya fundi huyo. Sehemu ndogo ya ushuru ule ikitengwa kulipia mfululizo mmoja kwa mwaka, na kaunti ikafungua kumbi zake Jumapili, kazi inaweza kuanza na mtaa mmoja, Kaloleni au Dandora, na somo moja. Baada ya mwaka wahesabiwe waliokaa kwenye mtihani na waliofaulu, na hesabu hiyo itangazwe hewani.